Mzee Hhando na uhai wa baba

Baba yangu leo kathibitishwa kuwa yuko hai, na mtu asiyesalimiana naye.

Huyo ni Mzee Hhando, jirani yetu kijijini Mbulumbulu, mstaafu kama baba.

Matokeo ya uchaguzi ndiyo yaliyowagombanisha. Baba anasema walioshinda watarekebisha kikokotoo cha pensheni. Mzee Hhando anasema hao ndio watakaotuzika.

Asubuhi tumekuja Karatu kwenye uhakiki wa wastaafu. Mashine imekataa vidole vya baba. Jembe limeshafuta alama zote.

Karani kasema atafutwe mstaafu mwenzake anayemfahamu, amsainie.

Kwenye foleni alikuwepo mmoja tu.

Mzee Hhando kasaini. "Yuko hai. Akili ndiyo sina uhakika."

Kisha akaweka kidole chake.

Mashine ikakataa.

Sasa kalamu anayo baba, na anatafuta miwani, taratibu sana.

Miwani anayo usoni.

Jamani, nimwambie?