Maua Yaliyokosa Harusi

Mbegu zilikuwa sitini na mbili. Nilizihesabu mara mbili juu ya meza ya jikoni, na mara ya kwanza nilipata sitini na moja kwa sababu moja ilinasa kwenye kucha. Bapa, kahawia, nyepesi kama magamba ya samaki. Maua yake Wamarekani huyaita hollyhock. Kiswahili chake sijakisikia, ila ni jamaa ya bamia, na ua lake ni kama ua la bamia lililopewa rangi zote na kimo cha kumpita mume wangu.

Nilizipata mwezi wa Februari, hapahapa Carrollton, kando ya Dallas, kwa bibi mmoja wa Kizungu aliyetandaza vyombo vyake vya kuuza mbele ya gereji yake. Chupa ya mbegu aliibandika picha ya nyumba yake wakati wa kiangazi: kibanda kidogo cha mbao, na maua yamesimama ukutani kama watu wanaongoja kupigwa picha. Nikashtuka. Ilikuwa ni picha ileile, au dada yake, ambayo binti yangu alikuwa akinionyesha kwenye simu wiki nzima.

"Mama, niolewe hapa nyumbani, sawa," aliniambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia tu, kukijibu ni kazi. "Lakini nyuma yangu pawe hivi. Sio ukuta wa gereji. Kama haiwezekani, tufanye kwa kina mchumba wangu, Sugar Land. Mamake ana bustani."

Kwetu Mombasa bwana harusi ndiye anayekuja. Anakuja na watu wake, anaozeshwa kwa watu wa mke, anakula pilau yao. Mimi binti yangu nimpakie garini kwa mwendo wa saa nne mpaka huko Sugar Land, karibu na Houston, akaozeshwe uani kwa watu kama kifurushi cha kupelekwa mlangoni? Nikaha ilikuwa Juni. Nikasema, mwanangu, maua utayapata.

Bibi alitaka dola tatu. Nikataja moja. Akacheka, akaanza kueleza: "Sawa, lakini ujue kwamba mwaka wa..." Nikamkata. Nimeuza leso tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Muuzaji akianza kueleza ujue anatafuta njia ya kupandisha bei. Nikamwekea dola yake mkononi, nikakumbatia chupa, nikaondoka. Akaniita. Sikugeuka. Akaniita tena. Nikaongeza mwendo, na moyoni nikajipongeza.

Nikaziloweka usiku mmoja, nikazipanda kwenye trei za mayai karibu na dirisha. Zikaota thelathini na nane. Machi nikazipeleka kando ya ua wa mbao kabla mzizi haujawa mrefu. Konokono wakala sehemu yao, baridi ikarudi ghafla ikachukua yake, zikabaki kumi na tisa. Kila asubuhi kabla ya kazi nilizihesabu, na nikitoka kazini nikazihesabu tena, utasema ni kuku.

Majani yakaja. Na majani. Mapana kama kiganja, kisha kama sahani, yamelala chini, hakuna hata shina moja lililoinuka. Jirani yangu Mrundi, anayefanya kazi hotelini, akachungulia juu ya ua.

"Dada, mboga hii tunakula lini?"

"Si mboga. Ni maua."

"Aah. Na maua yako wapi?"

"Yanakuja."

"Basi nipe majani nipike, yakija utaniita."

Mei ilipofika katikati, binti yangu alitoka uani na simu yake, akasimama mbele ya majani yangu muda mrefu. Hakuyapiga picha. "Mama," akasema, "usijali," na kwa sauti hiyo nikajua walishaamua.

Nilikwenda Sugar Land kwenye harusi ya mwanangu nikiwa mgeni. Nilipewa kiti kizuri, mstari wa pili. Mama mkwe wake alikuwa na maua ya kila aina, mengine ya kununua, niliyagusa nikajua. Pilau ilikosa chumvi. Watu wakaniuliza, "Mbona hukufanya kwako?" Nikasema jua la Dallas limeniunguzia maua kabla hayajachanua. Binti yangu naye nilimwambia hivyohivyo, na mpaka leo anaamini.

Julai nikarudi kwa yule bibi kudai dola yangu. Ndiyo, moja. Akaniangalia, akanitambua.

"Nilikuita, mpenzi. Nilikuita mara mbili. Mwaka wa kwanza ni majani tu. Maua ni mwaka wa pili."

Dola sikuidai tena.

Mwaka uliofuata, Mei, yakapanda. Kumi na saba, maana mawili yalioza. Mekundu, ya waridi, moja jeusi kama divai, yote yamepita ua na yanamchungulia Mrundi nyumbani kwake. Akaniita: "Dada! Mboga imeolewa!" Nikacheka, kisha nikaingia ndani nikakaa kitako. Nilimtumia binti yangu picha. Akajibu kwa alama ya kidole gumba.

Juzi akapiga simu mwenyewe, jambo la nadra. Mama mkwe wake ameiona ile picha. Binti yake yeye anaolewa Juni ijayo, hapo hapo Sugar Land, uani. Anaomba mbegu azipande Februari.

"Umpelekee, Mama. Anasema atalipa."

"Mbegu haziuzwi kwa wakwe," nikasema. "Nitampa bure."

Nilivunja maganda yaliyokauka, nikahesabu mbegu sitini na mbili, mara mbili. Nikazitia kwenye bahasha pamoja na picha ya maua yangu. Kulikuwa na nafasi nyuma ya picha, ingetosha mstari mmoja wa maandishi. Nilikaa na kalamu mkononi mpaka chai ikapoa. Nikailamba bahasha, nikaifunga, nikaipeleka posta.

Yule bibi wa Kizungu aliniita mara mbili. Mimi sikuita hata mara moja.