Nilivyoona haya kwa sakafu ya kwenye kompyuta

Leo nimemwomba mgeni radhi kwa uchafu wa sakafu ambayo haipo duniani!

Asalaam aleykum nyote. Baba Somoe mzima, bibi mzima ila magoti, Somoe mzima, mimi moyo bado unadunda.

Somoe, binti yangu, anachora nyumba kwenye kompyuta. Leo mteja wake wa kwanza, Bi Mwanahawa anayejenga Mitwero, kaja kuona marumaru za sebule yake.

Somoe yuko jikoni anachemsha chai, nikamkaribisha mgeni mezani, kwenye kompyuta yenye picha ya sebule.

Jamani! Marumaru nzuri, lakini zina madoa, vumbi pembeni, na moja ina ufa!

Nikachukua tambaa, nikafuta kioo cha kompyuta. Wapi!

"Tuwie radhi, Bi Mwanahawa, hatujapiga deki."

Somoe akaja mbio. "Mama! Huo uchafu nimeuweka mimi, kwa namba, ionekane sakafu inakanyagwa na watu. Nikipunguza namba, unatoka."

Akapunguza. Sakafu ikang'aa kama sahani mpya.

Nikajua kazi ya mwanangu nimeiharibu.

Bi Mwanahawa akasema, "Rudisha ule uchafu. Kama mama mtu kaionea haya, basi hiyo ni sakafu kweli. Nakupa nyumba nzima uchore."

Nikapiga kigelegele hadi bibi akaamka.

Ila jamani, anayeweza kutoa vumbi kwa namba, kufagia chumba chake kunamshinda nini?

Wenye mabinti nijibuni upesi: nimpe ufagio leo, au nimwache asherehekee kwanza?