Waliosimama Wima Mbele ya Kamera

Mume wa dada yangu ndiye mtu wa kwanza wa Musonoi, mtaa wetu wa mgodi kando ya Kolwezi, niliyemwona na kamera ya sinema. Mgodini walimfundisha kupiga filamu za usalama: kofia ngumu, viatu, namna ya kuteremka ngazi. Vita ilipofika Kolwezi alitoka na kamera ileile, bila kutumwa na mtu.

Tatizo lilikuwa sisi. Tulimjua mpiga picha wa studio tu, yule anayekukataza hata kupepesa macho. Kwa hiyo watu waliokuwa wakikimbia na magodoro kichwani, wakiona kamera, walisimama, wakatua mizigo, wakanyoosha kola.

«Mutembee, bandugu,» aliwaomba.

«Tutatembea ukimaliza, citoyen. Usituharibie picha,» walimjibu, wakimwita raia kwa Kifaransa kama ilivyokuwa desturi siku zile.

Filamu ilikuwa haba, basi alizima.

Vita ikaisha. Filamu zilipelekwa mbali kusafishwa, zikarudi na agizo la wakubwa wa mgodi: wote waliosimama tu bila kutembea wakatwe kwenye filamu. Kabla shemeji hajashika mkasi, dada yangu alimwita jirani yetu, mama mmoja wa Kasai. Mume wake alipotea siku zile, na picha zake zote ziliungua pamoja na nyumba. Alikuwa ameanza kuusahau uso wa mumewe, na hilo lilimtisha kuliko upweke.

Tulitundika shuka sebuleni, shemeji akawasha mashine ya kuonyeshea filamu. Watu wakapita, wima kama nguzo. Kisha akatokea mume wa yule mama, mkono juu ya baiskeli, uso mkavu.

«Njo yeye,» mama akasema polepole. «Lakini hakukuwaka mutu mukavu hivi.»

Siku alipompiga filamu, mlio wa bunduki ulimshtua shemeji, akasahau kuzima. Mtu wa kwenye shuka alidhani picha imekwisha. Akatoa pumzi, tumbo likarudi mahali pake, akajikuna shingo, akacheka na kusukuma baiskeli yake.

Mama akafunika mdomo kwa kitenge.

«Tumbo yake. Alikuwa anaificha ku picha kila mara. Rudisha, tata.»

Shemeji akarudisha, tena na tena, mpaka mashine ikawa ya moto.

Mimi sikutulia Kolwezi. Nimepita Likasi, Ndola, na kwingine. Kila niliporudi nilimkuta shemeji akipiga filamu, hata za harusi, na hakuzima mapema tena. Alingoja watu watoe pumzi.

Wale wengine aliwakata kama alivyoagizwa. Yule wa baiskeli alimwacha. Wakubwa walipouliza, aliwajibu, «Huyu anatembea.»