Fundi Anayezunguka Ukuta Kabla ya Kubisha Hodi

Saa mbili asubuhi, na jua bado halijachomoza. Marlys Penner amepiga magoti kwenye theluji nyuma ya nyumba ya watu, anachimba kwa mikono. Beleshi amelitupa kando, anaogopa litavunja bomba.

"Liko hapa," anajisemea huku akihema. "Najua liko hapa."

Baridi ni digrii thelathini na nane chini ya sifuri. Gesi ameshaifunga kwenye mita ya nje, na milango yote ya nyumba iko wazi. Uani, ndani ya gari linalounguruma, Corinne Hiebert amewakumbatia binti zake wawili, makoti juu ya nguo za kulalia. Mdogo, Tessa, ana miaka minne. Ametapika mara mbili.

Marlys ana miaka hamsini na minane. Ni fundi wa matanuru yanayopasha nyumba joto, hapa kwenye mashamba ya ngano ya kusini mwa Manitoba, Kanada. Kazi hii ameifanya miaka ishirini na sita. Goti la kulia halikunjiki vizuri siku hizi. Baridi ikikaza hivi, huitwa nyumba kumi na moja kwa siku, wakati mwingine kumi na nne.

"Nimechoka mpaka uchovu wenyewe nimeuzoea," anasema. Barabarani hutafuna mbegu za alizeti ili asisinzie kwenye usukani. Maganda yamejaa kikombe cha kahawa.

Asubuhi hii hakuwa anakuja huku. Alikuwa njiani kwa Bibi Agatha Klippenstein, mjane wa miaka themanini na moja, ambaye tanuru lake lilizimika tangu jana jioni. Ndipo simu ikalia. Alikuwa Wes, mume wa Corinne. Mama yake Wes ni binamu ya Marlys, kwa hiyo humwita mama mdogo.

"Mama mdogo, tanuru linanitesa. Linawaka, linazima. Nyumba imekuwa barafu."

"Wewe ni wa sita, Wes. Vaa soksi mbili."

"Hata usiharakishe, utaambukizwa bure. Humu ndani wote tuna mafua. Vichwa vinapasuka, Tessa anatapika. Mpaka paka anayumba kama katoka kilabuni."

Marlys akakanyaga breki katikati ya barabara.

"Mafua gani hayo yanampata na paka?"

"Sijui, labda..."

"Wes, watoe watoto nje. Sasa hivi!"

"Nje? Mama mdogo, kuna baridi ya kuua!"

"Inayoua iko huko ndani! Watie kwenye gari, gari likae uani, sio bandani. Acha milango wazi. Usibishane na mimi!"

Akawapigia zimamoto, akageuza pikapu.

Bomba alilipata chini ya theluji iliyomfika kiunoni. Haikuanguka yenyewe pale. Wes aliipanga kwa beleshi, akaishindilia kuzunguka nyumba nzima, kama baba yake na babu yake walivyofanya kila mwaka, upepo usipite chini ya sakafu. Enzi zao haikuwa na neno, moshi ulitoka juu ya paa. Tanuru hili jipya lilifungwa kiangazi kilichopita. Linapumulia ukutani, kwa mabomba mawili yaliyo usawa wa goti.

Lilipozibwa pumzi, likajizima lenyewe, kama lilivyoundwa. Wes, mtu wa kujitengenezea trekta, akalifungua, akaona swichi ndogo inayozima moto mabomba yakiziba, akairuka kwa kipande cha waya, tanuru likawaka tena na moshi wake ukarudi ndani.

"Nilidhani ni mbovu," alisema, kofia mkononi, masikio yamekuwa mekundu. "Usinigombeze, mama mdogo."

"Ilikuwa ndiyo mlinzi wenu, Wes. Umemfunga mlinzi kamba."

Na kengele ya kuonya hewa ya moto yenye sumu? Ilikuwa kwenye droo ya jikoni, karibu na vijiko, bila betri. Ilikuwa ikilia lia, ikiwaamsha watoto.

Wazazi, hewa hii haina harufu wala rangi. Ni ileile ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Inakuja kama mafua, inakupa usingizi mtamu, na mtoto aliyelala haamki. Nyumba nzima ikiumwa kichwa siku moja, msitafute dawa kwanza. Tokeni nje.

Watu wa zimamoto walipopima ndani, mkubwa wao alitazama kipimo, akatazama saa yake. "Wangelala tena baada ya chai..." alisema.

Hospitali iliwapa oksijeni mpaka mchana. Tessa aliomba biskuti. Paka naye akarudi kupanda mapazia.

Lakini Marlys hakupumua. Alikaa ndani ya pikapu, glavu hajavua.

"Tanuru lile nililifunga mimi," anasema. "Nilimwambia Wes habari ya kichujio, nikamwambia habari ya kelele. Habari ya theluji sikumwambia. Mimi mwenyewe nimekua nikiipanga ukutani na baba. Haikunijia kabisa kwamba ni kitu cha kusema."

Mwaka huu amefunga matanuru ya namna hiyo arobaini na matatu.

Alifika kwa Bibi Agatha saa nane mchana. Bibi alikuwa dirishani na blanketi tatu, akagonga kioo.

"Marlys! Mlango uko huku! Umezeeka hata mlango huuoni?"

"Nauona, bibi. Natazama ukuta kwanza."

"Ukuta haujazimika, kilichozimika ni tanuru!"

Marlys aliendelea kuzunguka, akichechemea. Alipoyaona mabomba, alichomeka kando yake kijiti kirefu cha mbao, akakifunga kitambaa chekundu, alama kwamba hapo theluji isipangwe. Kitambaa alikichana kutoka kwenye skafu yake. Ndipo akabisha hodi, akaingia kulitengeneza tanuru.

Tangu siku hiyo hamsikilizi mtu kwenye simu mpaka amuulize kwanza: kuna anayeumwa kichwa? Ameshazipitia nyumba kumi na tisa. Zimebaki ishirini na nne, na redio inasema theluji inarudi Alhamisi.

"Watu wananiambia nistaafu," anasema, akimimina mbegu nyingine kiganjani. "Nitastaafu. Kwanza nikione kijiti chekundu kwenye kila ukuta niliotoboa mimi. Hapo nitalala mpaka saa nne asubuhi, na atakayeniamsha awe anaungua moto."

Anawasha pikapu. Nyumba ya ishirini ina mapacha wachanga.