Siku Aliyoomba Kuacha Masomo

Mwalimu aliyemwandikisha binti yangu shuleni hapa Uingereza alikuwa mwanamke mpole, na alinieleza mara mbili, polepole, kwamba mitihani mitatu ya A-level, ile ya kuingilia chuo kikuu, inatosha. Vyuo vikuu vinaangalia mitatu, alisema, hata kwa wanaotaka udaktari. Mitatu! Mimi nilipomaliza sekondari kule Nakuru nilifanya masomo manane, kilimo kikiwemo, na hakuna aliyenihurumia. Nikaona huyu mama anampunguzia mtoto wangu kipimo kwa sababu ya jina letu, na hasira zangu hazikai mbali.

Nikamwambia nataka masomo matano. Tukavutana pale mezani hadi tukakutana kwenye manne: biolojia, kemia, hisabati na fizikia. Binti yangu alikuwa ameketi katikati yetu, miaka kumi na sita, mikono ameikalia. Hakuna aliyemuuliza. Kwenye basi la kurudi nyumbani, Bordesley Green, nilimwambia siku moja atanishukuru, naye akajibu, "OK, Mum." Nikaridhika na hiyo OK.

Kusema kweli, niliogopa. Tangu azaliwe hapa Birmingham nimekuwa nikiogopa kwamba nchi hii itampa kidogo na kuuita huo wema. Niliogopa atafika kwenye mlango fulani aambiwe wenzake walikuja na manne. Halafu kuna kanisani, ambako sisi kina mama Wakenya tunaulizana habari za watoto kabla ya habari za afya. Nilikuwa nimeshatangaza kwamba wangu anafanya manne. Mmoja akasema, "Haki, huyo ni daktari tayari," nami nikatembea na maneno hayo wiki nzima.

Kufikia Novemba alikuwa anakula amesimama. Nywele za kwenye paji la uso zilikuwa zikikatika, kwa sababu alipokuwa akisoma alizizungusha kidoleni na kuzivuta. Kazi yangu ni uuguzi. Nalipwa kwa kuona mgonjwa amebadilika kabla hajafungua mdomo, lakini nyumbani kwangu nilijitia hamnazo. Nikamnunulia mafuta ya nywele.

Jumamosi moja mchana nilikuwa jikoni nasukuma chapati, naye akaja akasimama karibu na friji.

"Mum," alisema, kisha akavuta pumzi. "Naomba ruhusa. Nataka kuacha masomo."

Mkono ulinikwama juu ya unga. Binti yangu anakielewa Kiswahili chote, hata kile cha kusengenya kwenye simu, lakini tangu aanze shule hujibu kwa Kiingereza. Kumsikia anakizungumza, tena kwa heshima hivyo, kulinitisha kabla hata sijayasikia maneno yenyewe. Na kwetu kuacha masomo ni jambo moja tu. Binamu yangu aliacha masomo, akaozwa. Kijana wa jirani aliacha masomo, akaishia kwenye pombe. Ni habari inayotolewa kwa sauti ya chini.

"Una mimba?" nikamuuliza.

"What? Mum! No!"

"Basi ni nini? Nani amekuambia uache? Nimekuja nchi ya baridi, nageuza wazee wa watu vitandani, ndiyo wewe uache masomo?"

Nilisema na mengine ambayo sitayaandika. Sauti yangu ilipanda mpaka nikasikia jirani akizima redio. Binti yangu alirudi nyuma hatua moja, akapanda ngazi, akaingia bafuni, nami nikasikia komeo likifungwa.

Chapati iliyokuwa motoni iliungua nikiitazama. Kisha nikagundua kwamba juu hakuna sauti yoyote. Hakuna maji, hakuna kilio. Nimefanya kazi wodini miaka ya kutosha kujua kimya cha nyuma ya mlango wa bafu, na nimewahi kuwa miongoni mwa walioufungua. Nilipanda ngazi mikono ikiwa na unga, nikimwomba Mungu bila kupanga maneno.

"Mami," niliita, kama nilivyomwita tangu akiwa mdogo. "Fungua mlango."

Nikagonga kwa kiganja.

"Acha hayo masomo. Acha yote, sikia? Leo hii. Fungua tu."

Nikasikia akivuta kamasi. Alikuwa hai. Kisha sauti yake ikatokea chini, karibu na sakafu, ameketi ameegemea mlango.

"Not all of it," alisema. "Just one. Just physics. Nilisema hivyo."

Ilinichukua muda kuelewa. Alitaka kuacha somo. Somo moja tu, fizikia. Lakini neno hilo hakuwa nalo, kwa sababu nyumbani kwetu halikuwahi kutamkwa kwa umoja. Tangu akiwa mdogo alichosikia kwangu ni masomo, umefanya masomo, zingatia masomo.

"Mbona hukuniambia kwa Kiingereza?" nikamuuliza kupitia mlangoni.

"I thought you'd be less angry in Swahili. I practised it. Kama wiki mbili."

Wiki mbili alijizoeza kuniomba kwa Kiswahili, akidhani kitanipunguzia hasira. Nilihesabu nyuma, na katika kila siku ya hizo wiki mbili nilikuwepo, nimekaa meza moja naye, ananiogopa.

Komeo likafunguka. Macho yalikuwa mekundu na mikono ya sweta alikuwa ameivuta hadi kwenye vidole. Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka unga, kisha nikamkumbatia hivyo hivyo. Alikuwa amekonda kuliko nilivyodhani.

"Haya, niambie wewe mwenyewe," nilisema. "Unataka kubaki na mangapi?"

Aliinua kichwa, akanitazama usoni kwa makini, akitafuta jibu ninalolitaka mimi.

"Whatever you think, Mum."

Uamuzi akaniachia mimi, nami nikasema matatu. Mabega yake yakashuka, akalia tena, safari hii kwa sauti, akisema asante, asante. Nami nikabaki nimemshika pale mlangoni, nimejaa hofu kuliko nilipokuwa nikipanda ngazi, maana hata hayo matatu nilikuwa nimemchagulia mimi.