Mshale Kati ya Visanduku Saba

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, amekuwa tarishi wa kampuni yetu kwa miaka ishirini na sita. Kampuni inatengeneza magodoro. Kiwanda kiko nyuma, ofisi ziko mbele, ghorofa nne, na lifti iliyobandikwa karatasi ya "inatengenezwa" kwa muda mrefu kiasi kwamba karatasi yenyewe imeshabadilishwa mara mbili kwa kuchakaa. Mimi ni katibu muhtasi wa Mkurugenzi, ghorofa ya nne. Shemeji ndiye aliyeniambia kazi hii imetangazwa, kwa hiyo mkiona namsifu mjue nina sababu, na mkiona namsema mjue pia nina haki.

Wafanyakazi wanamwita Mzee Nguzo. Tarishi wengine huacha faili mezani wakaenda zao. Yeye aliingia, akaweka faili mbele yako, akafungua ukurasa wa kusaini, kisha akasimama. Hasemi kitu, hakohoi, hatazami saa. Mkono mmoja juu ya mkanda wa mkoba wake wa ngozi, anakungoja mpaka uone aibu mwenyewe. Meneja wa mauzo aliwahi kumwacha amesimama dakika arobaini huku akijifanya anaongea na simu, hadi simu hiyo hiyo ikalia sikioni mwake. Alisaini akitazama dirishani.

Lakini kusimama ilikuwa nusu tu ya ufundi wake. Nusu nyingine niliijua mimi peke yangu, kwa sababu nilikuwa naiona kutoka mezani kwangu. Kila asubuhi saa mbili na robo aliingia kwa Mkurugenzi, ambaye sote tunamwita mama, na magazeti, na kabla ya kutoka alimtajia kwa kichwa vyote vilivyomo mkobani. "Mama, leo kuna likizo ya fundi umeme, wino wa mashine ya kuchapia, matairi ya gari la mauzo..." Mama alikuwa anasoma gazeti. Sidhani kama alisikia hata kimoja. Mwisho alisema, "Haya." Shemeji akashuka ngazi, na meneja yeyote aliyemuuliza, "Bosi anaijua hii?" alimjibu, "Anaijua," wala hakuwa anadanganya.

Asiyefanya kazi ofisini hawezi kujua thamani ya neno hilo. Kwetu hakuna meneja anayesaini kabla ya kujua wa juu yake anaonaje, na wa juu hasaini mpaka wa chini yake awe ameshasaini, maana ndio utaratibu. Ukiwaacha hivyo hivyo, hakisainiwi kitu mpaka kiama. Kampuni nzima ilikuwa inaendeshwa na "haya" ya mama mmoja aliyekuwa anatafuta ukurasa wa michezo, na ilikuwa inaendeshwa vizuri tu.

Kisha akaja mshauri. Kijana nadhifu, mwenye viatu bila soksi na kompyuta nyembamba kama sahani. Mgeni njoo mwenyeji apone, tukasema. Ndani ya mwezi mmoja idara ya utumishi ikaitwa Idara ya Watu na Furaha. Sisi wenyewe tukaambiwa ni familia, ingawa katika familia yangu sijaona shangazi akiachishwa ushangazi kwa barua pepe. Ikaanzishwa mikutano ya asubuhi ya kusimama, ili watu wasizoee kukaa. Kampuni ya magodoro, na wafanyakazi wake wanaogopa kukutwa wamekaa.

Mshauri alipita kila chumba na kuuliza kila mtu anafanya nini. Kwa shemeji hakukawia.

"Mzee, kazi yako hasa ni ipi?"

"Napeleka mafaili."

"Kutoka wapi kwenda wapi?"

"Kutoka kwa huyu kwenda kwa yule."

"Basi?"

"Basi, bwana mdogo."

Baadaye nilimjia juu. Nilimuuliza kwa nini hakumweleza ile habari ya asubuhi kwa mama. "Ameuliza napeleka wapi," akanijibu. "Hakuuliza napelekaje." Ndivyo alivyo. Ukimuuliza shemeji saa, atakutajia saa, hatakwambia kwamba umechelewa.

Wiki iliyofuata ukutani kukawa na mchoro. Visanduku saba, kimoja kwa kila meneja, na mishale katikati. Nilimtafuta shemeji kwenye visanduku nisimwone. Alikuwa mshale. Mfumo mpya, mshauri akatangaza, unajipelekea maombi wenyewe, kwa hiyo mishale haina gharama tena. Shemeji akapewa barua isemayo asiingie tena na karatasi kwenye ofisi za mameneja, na kwamba nafasi yake itaangaliwa mwisho wa mwaka. Akapewa na kiti karibu na mashine ya fotokopi, apokee vifurushi, na ile safari ya asubuhi kwa mama nayo ikaishia hapo. Mtu aliyesimama miaka ishirini na sita akakalishwa, wakati waliokuwa wamekaa miaka yote hiyo wanaamrishwa kusimama.

Mfumo ukaanza. Ukituma ombi, linatokea kwa mameneja wote saba kwa pamoja. Meneja akilifungua, kinatokea kitiki cha kijani kuonyesha limesomwa. Ili kuliidhinisha anatakiwa ateremke chini kabisa na kubonyeza kitufe kingine. Hicho hakuna aliyekibonyeza. Walifungua, wakaona kijani, wakatazama kama wengine wamebonyeza, wakaona bado, wakafunga. Kidole kimoja hakivunji chawa, ni kweli, lakini kwetu vidole saba vilishindwa na wino wa mashine. Ghorofa ya pili walichapisha barua kwa wino uliofifia hadi mteja mmoja akapiga simu kuuliza kwa nini ametumiwa karatasi tupu. Kwenye mkutano wa asubuhi skrini kubwa ilionyesha kwamba asilimia tisini na nane ya maombi yamesomwa. Tukapiga makofi, tumesimama.

Nilicheka sana siku zile. Nilisimulia kila nilipokwenda, na nilitia chumvi kidogo. Kisha ombi la nyumbani kwetu likaingia humo humo.

Dada ni fundi cherehani. Jicho la kushoto lilishapofuka zamani kwa presha ya macho, na la kulia, lile la kufanyia kazi, likaota mtoto wa jicho. Daktari bingwa huja hospitali kubwa mara mbili tu kwa mwaka, wiki moja kila safari. Dada alipangiwa Jumatatu. Kampuni huwatibia wake na waume za wafanyakazi, lakini hospitali ilitaka barua ya dhamana iwe imefika Ijumaa kabla ya saa sita mchana, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Angengoja miezi sita, na daktari alishawaambia bila kupepesa kwamba jicho hilo linaweza lisingoje.

Shemeji alikuwa ametuma ombi siku kumi na tisa kabla. Jumatano jioni nilipita kwao. Nikamkuta dada ameshika sindano, analitafuta tundu lake kwa ncha ya uzi, anakosa, analamba uzi, anajaribu tena.

"Nitungie, mdogo wangu," akasema. "Na hiyo barua je?"

"Ipo kwenye mfumo, dada."

"Huyo mfumo hana ofisi mtu akaenda kumwona?"

Nilimtungia uzi, nikatoka uani alikokuwa mumewe, nikasema yote niliyokuwa nayo moyoni. Nilimwambia adabu yake itampofusha dada yangu. Nilimwambia hata mshale huwa unachoma. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa naogopa, na vyote viwili vilitoka kwa sauti moja. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Barua yao naikumbuka," akasema. "Wamekataza niingie na karatasi."

"Najua!"

"Kuingia bila karatasi hawajakataza, shemeji. Wala kusimama."

Asubuhi ya Alhamisi alinikuta nafungua ofisi, akaomba nimtajie maombi yote yaliyokwama. Yalikuwa kumi na moja. Aliyapanga kichwani huku midomo inacheza, na la mke wake akaliweka la nne.

"La nne?" nikashangaa. "Anza nalo!"

"Ukianza na lako, unaomba. Likiwa katikati, unafanya kazi."

Saa mbili na robo akaingia kwa mama na magazeti na mkoba mtupu. Nilisikia kila neno kupitia mlango. Wino. Matairi. Likizo ya mpishi wa kantini. Dhamana ya matibabu ya jicho, mke wa tarishi. Akaendelea mpaka la kumi na moja kwa sauti ile ile. Gazeti likageuzwa ukurasa.

"Haya," mama akasema.

Siku ile alizunguka ghorofa zote. Meneja wa fedha alimtazama akiingia, akautazama mkoba.

"Umeleta nini, mzee?"

"Sijaleta kitu."

"Sasa?"

"Nakungoja ubonyeze."

Meneja akasema atabonyeza baadaye. Shemeji akaweka mkono kwenye mkanda wa mkoba. Ikabainika kwamba meneja hakumbuki neno lake la siri, kwamba ameliandika kwenye kikaratasi chini ya kibodi, na kwamba tangu siku ya mafunzo hajui kitufe cha kuidhinisha kiko wapi. Shemeji, ambaye hana hata kompyuta, akamwonyesha. Kisha likaja lile swali, "Bosi anayajua haya?" na lile jibu. Kufika jioni mameneja sita walikuwa wamebonyeza maombi yote kumi na moja.

Wa saba, meneja wa Watu na Furaha, hakuwepo, na bila yeye barua haitoki. Alikuwa kwenye semina ya siku mbili, hotelini, nje ya mji. Semina ilihusu kasi ya kufanya maamuzi.

Ijumaa alfajiri shemeji akaondoka. Yaliyotokea huko alinisimulia meneja mwenyewe. Ukumbi ulikuwa na mlango wa kioo. Mshauri alikuwa mbele, na kwenye ukuta nyuma yake ule mchoro wa visanduku saba, anaeleza jinsi mishale ilivyoachwa ifanye kazi yenyewe. Meneja akageuza shingo tu, akamwona Mzee Nguzo nje ya kioo, vumbi mpaka magotini, mkono kwenye mkanda. Hakupunga, hakugonga. "Nilijaribu kutomtazama," meneja aliniambia. "Nilikunywa maji. Niliandika andika. Ilikuwa kama kukaa na kijiwe ndani ya kiatu." Akatoa simu, akaifungulia chini ya meza, akabonyeza mara kumi na moja.

Saa tano na dakika ishirini barua ikatokea kwenye kompyuta yangu. Mashine ya ghorofa ya nne ilikuwa bado na wino, namshukuru Mungu. Nikaichapisha, nikaigonga muhuri, nikashuka ngazi zote na viatu mkononi, nikapanda pikipiki. Kwenye dirisha la hospitali nilifika saa sita kasoro dakika nane. Muuguzi alikuwa ameshashika simu kumwita anayefuata kwenye orodha. Nilimkabidhi barua, lakini sikuondoka. Nilisimama pale pale mpaka alipoandika jina la dada.

Alifanyiwa upasuaji Jumatatu, na Jumanne bandeji ikatolewa. Alimtazama mumewe kwa muda.

"Mvi zote hizi," akasema, "na hakuna aliyeniambia!"

Shemeji akacheka, halafu akatoka nje, na alikaa huko zaidi ya mtu anayetafuta hewa tu. Mimi nililia hapo hapo, sikuona haja ya kutoka.

Mwisho wa mwezi ikaja ripoti. Ilisema mfumo sasa umekomaa, maombi yanapita kwa siku mbili, na mshauri akaongezewa mkataba. Ikapendekeza pia kwamba, kwa kuwa mfumo unajiendesha, nafasi ya tarishi ifutwe bila kungoja mwisho wa mwaka. Pendekezo likaingizwa kwenye mfumo. Mameneja wote saba wakalifungua, likawa na tiki saba za kijani. Hakuna aliyebonyeza. Kila mmoja alikuwa anangoja ajue bosi anaonaje, na mtu wa kuwaambia alikuwa mmoja tu.

Tangu Alhamisi ile shemeji alikuwa amerudia kuingia kwa mama kila asubuhi. Hakuna aliyemruhusu, na hakuna aliyemkataza. Siku ya pendekezo lile aliniomba orodha kama kawaida. Nilimpa maombi manane. La tisa nililificha.

"Yako tisa," akasema. "Nimesikia huko chini."

"Hilo waachie wenyewe, shemeji. Nakuomba."

"Nikiruka moja, kesho nitaruka na la mwenzangu."

Akaingia. Nikaacha kuchapa. Gundi ya kiwandani. Taa za ngazi. Likizo ya uzazi. Kufutwa kwa nafasi ya tarishi. Kiti cha mapokezi. Sauti haikupanda wala kushuka, na alipofika la tisa akanyamaza, akangoja "haya" yake.

Haikuja. Nilisikia gazeti likiwekwa mezani.

"Rudia hilo la nne."

"Kufutwa kwa nafasi ya tarishi, mama. Lina tiki saba. Halijabonyezwa."

Nikasikia kiti chake kikisogezwa.

"Hilo niachie mimi," mama akasema. "Nitalisoma. Nenda na hayo mengine."

Mpaka leo bado analisoma. Asubuhi ile shemeji alipita mezani kwangu na maombi yake manane kichwani, na ndipo nikaona kwamba mkoba una mkanda mpya. Dada alikuwa ameushona kwa mkono usiku uliopita. Niliinama nikautazama kwa karibu. Mishono ilikuwa midogo, imenyooka, hakuna hata mmoja uliokosea njia.