Mapaa Mia Nne ya Ankilimasy

Karatasi ilibandikwa Jumatano asubuhi kwenye mlango wa ofisi ya kata, na kufikia saa nne Haovasoa alikuwa ameisoma mara nyingi kuliko alivyowahi kusoma barua yoyote ya mapenzi. Ankilimasy: maskini asilimia hamsini na nane. Chini, kwa maandishi ya kufinyia macho, ilielezwa kwamba kata ambayo maskini wake hawafiki sabini katika kila watu mia itatolewa kwenye orodha ya uji wa shule kuanzia mwezi ujao.

"Hamsini na nane," alimwambia karani. "Na hao arobaini na mbili wenye nafasi wako wapi? Nionyeshe mmoja tu nikamkope muhogo."

Karani alicheka, kisha akaisoma tena karatasi. Wanawe watatu walikuwa wanakunywa uji huohuo.

Kilichomchoma Haovasoa ni kwamba tarakimu zile zilikuwa zimepita mikononi mwake. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa mdadisi wa ofisi ya takwimu. Alianza kwa penseli na madodoso ya karatasi yaliyonuka mafuta ya taa, na sasa alitembea na kishikwambi chenye kioo kilichopasuka pembeni. Alijua kumuuliza mama wa watu "jana mlikula mara ngapi?" bila kumvua nguo. Ukiuliza swali hilo huko Androy, kusini mwa Madagaska, unatazama kando, unashika kisu na kumsaidia kukwangua miiba ya tunda la mpungate, na jibu linakuja lenyewe, polepole, kama maji ya kisima cha kiangazi.

Safari hii ofisi ya Antananarivo ilimpa kaya kumi na sita tu, kati ya kaya elfu mbili na mia tatu za kata nzima. Alizipitia zote kwa miguu. Kumi na tano zilikuwa zimekula mara moja, na tatu kati ya hizo zilikula ukwaju uliochanganywa na majivu ili usikwangue tumbo. Ya kumi na sita ilikuwa ya mwalimu.

Mtandao wa simu Ankilimasy unapatikana kwenye ngazi ya pili ya kanisa. Ukikaa ya kwanza huusikii, ukipanda ya tatu unakata. Haovasoa alikaa ngazi ya pili, akampigia Felana, mtaalamu aliyepiga zile hesabu huko makao makuu.

"Felana, mwanangu, mimi nilikuletea watu kumi na tano maskini kati ya kumi na sita. Wewe umenirudishia hamsini na nane. Wengine umewalisha nini njiani?"

"Mama Haovasoa, nilijua utapiga." Felana alikuwa na sauti ya mtu anayekunywa chai ya moto. "Kumi na sita ni wachache mno. Ungegonga mlango wa jirani, jibu lingeweza kuwa lingine kabisa. Siwezi kuitangaza kata nzima kwa milango kumi na sita."

"Basi mngenipa milango mia moja."

"Mafuta ya gari hayapo, unajua. Kwa hiyo tunaazima. Tunatazama kata za jirani zinazofanana na yenu, na tunatazama picha ya setilaiti, tunahesabu mapaa makubwa ya bati na ya saruji. Kata nyingi, mapaa yakizidi, umaskini unapungua. Halafu tunachanganya. Robo nakusikiliza wewe, robo tatu nayasikiliza mapaa."

"Robo!" Haovasoa alinyanyuka kwa hasira, simu ikakata. Akarudi ngazi ya pili. "Miaka ishirini na saba ya kutembea juani, mimi robo, paa robo tatu?"

"Ungekuwa na kaya nyingi zaidi ningekusikiliza zaidi, mama. Ndivyo hesabu ilivyo, siyo mimi. Na nyinyi huko mna mapaa makubwa mia nne na kumi na mbili."

"Mia nne? Hapa? Binti, nikihesabu na choo cha padri sifiki arobaini. Nitumie hiyo picha."

Picha ilichukua nusu saa kufika, mstari kwa mstari. Haovasoa aliiangalia, akaigeuza, akaiangalia tena. Pale palikuwa na barabara, pale mashamba ya katani, pale shule. Na kule upande wa mashariki, kwenye kilima ambacho hakuna mtu anayekwenda bila sababu, mapaa yalikuwa yamejipanga, makubwa, meupe, safi, kila moja katikati ya ua wake wa mawe. Mtu asiyejua angedhani ni mtaa wa mawaziri.

Yalikuwa makaburi.

Alicheka kicheko kikavu, kile cha mtu aliyepanda muhogo akavuna mzizi mtupu. Bila shaka yalikuwa mengi, na makubwa. Mtu wa Ankilimasy anaishi kwenye kibanda cha mbao ambacho akilala chali miguu inagusa mlango, na anachunga ng'ombe maisha yake yote ili siku akifa ajengewe jumba la mawe na saruji la hatua ishirini kila upande, limepakwa rangi, pembe za ng'ombe waliochinjwa zimepangwa juu. Kibanda chake kinachomwa moto. Ndiyo desturi: nyumba ya aliyekufa haibaki.

Haovasoa aliijua desturi hiyo kwa ngozi yake. Alipoolewa alikuwa mjuaji. Aliweka akiba akaezeka nyumba yao kwa bati, ya kwanza katika ukoo. Wanawake walikuja kusikiliza mvua humo ndani. Mumewe Tsivery alipofariki, miaka tisa iliyopita, wakaichoma na bati lake. Hakubisha. Alisimama na wenzake akaangalia mabati yakijikunja kama majani ya tumbaku, na tangu siku hiyo analala chini ya nyasi kama kila mtu. Ni nani atakayenunua bati mara ya pili ili lichomwe tena?

"Ni makaburi, Felana. Mmehesabu maiti wetu mkasema wana nafasi."

Felana alikuwa mtu wa nyanda za juu. Kwao nako wafu wana nyumba nzuri, lakini ndogo, hazichanganyiki na za watu. "Mungu wangu," alisema. "Mama, naweza kurudia hesabu. Lakini orodha inafungwa Jumatatu saa sita mchana, na mkubwa wangu hanikubalii neno tupu. Weka alama kwenye kila kaburi pichani, halafu mkuu wa ukoo athibitishe kwa kidole gumba kwamba si nyumba za kuishi."

"Mkuu wa ukoo," alisema Haovasoa.

"Ndiyo. Unamfahamu?"

"Ni baba yangu mkubwa," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa avuke mto wenye mamba.

Mzee Mahatomby alikuwa amekaa mlangoni kwake akisuka kamba ya katani. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso, na hapo ndipo Haovasoa alipoanza kuogopa, maana mzee yule kwa kawaida hukatiza watu.

"Lete hiyo picha," alisema.

Haovasoa alimwonyesha. Kioo kiliteleza, akanyoosha kidole kukivuta.

"Kunja kidole! Unamnyooshea babu yako kidole?"

"Ni picha, baba mkubwa."

"Picha ya nani?"

Akakunja kidole, akaendelea kuonyesha kwa kifundo, kama alivyofunzwa utotoni kuonyesha makaburi. Kishikwambi hakikuelewa vifundo. Kiliruka kikafungua kikokotoo.

"Kwa hiyo," alisema mzee, "hicho chombo kinachopita mbinguni kimetazama chini, kikaona nyumba zetu kule kilimani, kikasema hawa ni watu wenye nyumba."

"Ndiyo, na ndiyo makosa yenyewe."

"Makosa gani? Tangu wakoloni mpaka leo, hicho ndicho kitu cha kwanza kutoka mjini kilichotuelewa. Nyumba ni zile. Hapa tunapita tu. Na wewe mwanangu unataka niweke dole gumba niseme kwamba baba yangu hana nyumba?"

"Sitaki useme hivyo. Nataka watoto wanywe uji."

"Mtasema leo si nyumba, kesho atakuja mtu na trekta aseme mzee mwenyewe alitia dole, si nyumba."

"Hakuna anayekuja na trekta, baba mkubwa. Trekta lenyewe halijafika hata kulima."

"Mimi siweki dole. Tena usiende kutembea kule kilimani na hilo dubwana. Watu hawaendi kule kuhesabu."

Haovasoa aliondoka akiwa anazungumza peke yake barabarani. Alimtukana Felana, akatukana setilaiti, akamtukana mzee kwa namna ambayo siku nyingine ingemlazimu kutoa faini ya mbuzi. Upande mmoja, watu wanaodhani kila kizuri kina mtu aliye hai ndani yake. Upande wa pili, watu wanaokufa njaa kwa unyoofu, wasikubali kuandikwa kwamba marehemu wao hawana makazi. Na yeye katikati, robo mtu.

Aliketi ukutani mwa shule kupumzisha magoti. Wapishi walikuwa wanaosha masufuria. Mtoto wa kike wa darasa la pili alikuwa analamba mwiko kwa bidii ya mtu anayesoma, na hakuna aliyemkemea.

Ndipo akaona kwamba amekuwa akiuliza swali baya, yeye aliyelipwa miaka yote hiyo kwa kujua kuuliza. Kwa nini aandike makaburi? Aandike walio hai. Atembee kwenye kila paa kubwa ambalo chini yake kuna mtu anayepumua, alitie alama, na yanayobaki yabaki kimya kama yalivyo.

Alhamisi mpaka Jumamosi alitembea. Maduka mawili, zahanati, makanisa matatu, nyumba za walimu, nyumba ya mfanyabiashara wa ng'ombe aliyemfukuza mara ya kwanza akidhani ni mtu wa kodi. Jumla thelathini na saba. Hakukanyaga kilima. Kwenye mapaa mia tatu sabini na tano yaliyobaki kishikwambi kilimtaka achague sababu ya kutohoji, naye akachagua iliyo karibu zaidi na ukweli: *Mhojiwa hayupo*.

Jumapili baada ya ibada alirudi kwa Mzee Mahatomby. Safari hii hakuanza na picha. Alichukua upande wa pili wa kamba, akamshikia asuke.

"Baba mkubwa, nina maswali ya dodoso. Wale wenye nyumba za mashariki, wapo au hawapo?"

"Wapo." Mzee hakusita.

"Wana njaa?"

Mzee alimtazama kana kwamba ana homa. "Njaa ya nini? Wamekula ng'ombe wangapi? Baba yangu peke yake alikula sitini."

"Wana watoto wanaokwenda shule?"

"Acha utani, Haovasoa."

"Si utani. Ofisi imechukua shibe yao ikaigawa kwa hawa wa huku. Imesema kila anayelala chini ya nyasi ana sehemu yake katika wale ng'ombe sitini. Mimi sitaki kuandika kwamba hawana nyumba. Nataka kuandika kwamba nyumba ni zao, wamo, wameshiba, na uji si wao. Hapo kuna uongo?"

Kamba ilisimama. Mzee alitafuna midomo.

"Iandike kama ulivyosema, kisha unisomee," alisema. "Ukiongeza neno nitajua."

Aliandika kwa mkono kwenye ukurasa wa daftari, kwa sababu fomu haikuwa na nafasi ya maneno kama hayo: *Nyumba hizi zina wenyewe. Wenyewe wameshiba na hawali uji. Wanaokula uji hawakai humo.* Mzee Mahatomby aliisikiliza mara mbili, akaloweka dole gumba kwenye wino, akalibandika kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka kidogo.

Jumatatu saa nne asubuhi, ngazi ya pili, alama za mapaa zilikwenda, lakini picha ya ukurasa ule ilikataa kwenda. Saa tano ikakataa. Saa tano u nusu ikaenda, Haovasoa akiwa amenyoosha mkono juu huku waumini wawili waliokuja kufagia wakimuuliza kama anaomba mvua.

Felana alipiga jioni. "Mkubwa wangu aliisoma ile barua kwa sauti ofisini. Hakuna aliyejua pa kuiweka, lakini ameikubali. Sabini na nne, mama."

"Sabini na nne? Nikitembea mlango kwa mlango ni zaidi ya tisini, unajua vizuri."

"Najua. Lakini bado nimeazima kwa majirani zenu, na wao bado wana makaburi kwenye hesabu. Mmevuka, mama. Uji unabaki."

"Kwa pointi nne."

"Kwa pointi nne."

Haovasoa alikata simu kabla ya kusema neno ambalo lisingefaa kwenye ngazi za kanisa. Watoto mia sita wa kata nzima wanywe uji kwa pointi nne, na kwa dole gumba la mzee mmoja mkaidi. Alitaka kufurahi, akaona furaha yenyewe inamkera, maana jirani zao watatangaziwa nini?

Alipita kwa Mzee Mahatomby kumpa habari. "Tumebaki kwenye orodha."

"Na wale wa mashariki?"

"Hawamo tena kwenye orodha yoyote."

"Afadhali," alisema mzee, akavuta kamba ikaze. "Walikuwa wameshaanza kunisumbua ndotoni, wanauliza ni nani anawahesabu."

"Waambie ni mimi," alisema Haovasoa. "Na kesho naenda kuwahesabu wenzao wa kata ya jirani. Wakitaka kulalamika, waje ngazi ya pili."